Kurasa Kumi na Moja za Hakimu Stoddard

Nilimpigia taipu Profesa Thayne Alder kwa miaka kumi na miwili, na sikuwahi kumwona akifunga droo kwa ufunguo hadi Machi ya mwaka 1984. Siku hiyo alifunga, akautia ufunguo mfukoni, kisha akanitazama kama anayetazama nyayo za mwizi.

"Dada LaRae, utepe wa taipu ukiisha usiutupe. Nipe mimi."

"Utepe? Wa kazi gani?"

"Maneno hubaki kwenye utepe. Mtu akitaka anayasoma."

Nilirudi nyumbani nimefura. Tunasali kata moja ya kanisa letu pale Provo, mkewe Merlene ndiye aliyenipikia kila nilipojifungua, na leo mumewe ananifanya jasusi!

Thayne alifundisha sheria ya ushahidi. Wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya swali lake moja, "Umejuaje?", ambalo angeweza kuliuliza mara tatu mfululizo mpaka kijana wa watu akasahau jina lake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuandika maisha ya waliotangulia. Alishatoa vitabu viwili, na hiki cha tatu kilimhusu Lorin Stoddard, wakili aliyewatetea babu zetu enzi zile serikali kuu ilipowasaka wanaume wa kanisa letu wenye wake wengi, na baadaye akawa hakimu. Shajara zake, madaftari kumi na manane, zilikuwa katika mji wa Manti kwa mjukuu wake Verla, katika chumba cha chini, baina ya mapipa ya ngano na chupa za mapichi. Verla alikuwa amemruhusu Thayne ayaazime mawili mawili.

Daftari la 1887 lilikuwa limekatwa kurasa kumi na moja kwa wembe.

"Tazama kingo," alinionyesha. "Karatasi yote imeiva rangi ya asali. Hapa tu ndipo peupe. Aliyekata hakukata zamani. Amekata juzi, baada ya mimi kuomba ruhusa."

Tangu hapo hakumwamini mtu. Askofu wetu, Garn Tuttle, alimvuta pembeni baada ya ibada akamuuliza kwa upole kama kitabu "kitajenga imani ya vijana". Thayne alitoka pale akinong'ona kwamba kuna mtu anapeleka maneno. Mwenzake wa chumba cha pili akikohoa mlangoni, yeye anafudikiza karatasi. Na mimi, sitaficha, nikaanza kumshuku yeye. Kwani daftari lilikuwa kwa nani? Wembe hauna jina. Nikajikuta nahesabu kurasa za kila alichonipa nipige, nione kama hakuna iliyopungua.

Mwezi wa Mei akaniomba tufuatane kwenda Manti.

"Kwa nini mimi?"

"Nataka shahidi," akasema, akashindwa kunitazama usoni.

Tulipopita Ephraim, anakoishi baba yake mzee Eldred, alinionyesha nyumba ya mawe ya babu wa baba yake, Amasa Alder. Hadithi yake naijua, nani asiyeijua? Amasa alikuwa na wake wawili. Maafisa wa serikali walipita kwenye nyumba ile mara tatu wakimtafuta, naye yuko jikoni anakula, wasimwone. Malaika aliwatia upofu. Mzee Eldred huisimulia kila mkutano wa ukoo, na watoto huonyeshwa kiti chenyewe.

Verla alikuwa mjane wa miaka sabini na saba, mikono mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Thayne aliteremka chini kurudisha madaftari. Mimi nikakalishwa jikoni nikapewa jeli ya kijani yenye karoti za kukwaruzwa.

"Eldred hajambo?" Verla akauliza.

"Hajambo. Bado anaendesha gari lake."

"Na moyo?"

"Moyo?"

"Ndiyo, moyo wake. Daktari anasemaje?"

Niliweka kijiko chini. Mwanamke huyu ana haja gani na moyo wa mzee Eldred? Macho yake hayakutulia. Yalikwenda kwenye meza ya cherehani dirishani, yakarudi, yakaenda tena.

Thayne akapanda ngazi, akasimama mlangoni. Hata kuketi hakuketi.

"Dada Verla, nani alikata daftari la 1887?"

"Mbona hujala?"

"Nimekuuliza."

"Unakuja nyumbani kwangu, chakula changu kiko mezani, unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimeuliza nani alikata."

"Mimi!" Verla alipiga meza, jeli ikatikisika. "Nimekata mimi, na wembe wa marehemu mume wangu. Sasa kaa kitako."

Thayne akakaa.

"Mngoje baba yako afariki," Verla akasema, sauti imeshuka. "Akishazikwa njoo, nitakupa zote kumi na moja. Nitaziandika kwenye wosia kama huniamini."

Thayne alinyoosha mkono juu ya meza. Mtu wa ushahidi, hahitaji kuambiwa mara mbili. "Zinamhusu Amasa," akasema. "Nipe."

Ilichukua muda, lakini Verla alizitoa kwenye droo ya cherehani. Thayne alisoma, na kila alipomaliza ukurasa alinipa mimi. Nadhani ile ndiyo radhi aliyoniomba.

Lorin Stoddard aliandika kwamba Amasa alimjia ofisini, akafunga mlango, akalia. Maafisa walikuwa wamemkamata mapema, kwa siri. Walimwambia mkewe wa pili, Maren, ataitwa mahakamani kutoa ushahidi dhidi yake, na akikataa ataingia gerezani na mimba yake ya miezi saba. Ama hivyo, ama Amasa awataje wenzake na wanakojificha. Akawataja saba, na tangu siku hiyo maafisa wakipita kwake hawamwoni. Mmoja wao alikuwa Heber, ndugu wa tumbo moja wa Lorin, aliyefia gerezani kwa homa ya mapafu. Amasa alikuwa mteja wake, na siri ya mteja haitoki. Kwa hiyo Lorin alikaa naye kanisani kila Jumapili kwa miaka ishirini na minne bila kumwambia mtu.

"Ni ndugu wa babu yako aliyekufa," Thayne akamwambia Verla. "Nawe ukaificha aibu yetu?"

"Mume wangu alipofariki, majira ya baridi ya 1952, Eldred alikuja kila asubuhi kutoka Ephraim kunikamulia ng'ombe. Hakukosa siku hata moja. Mtu kama huyo nimvunje kwa wino?"

Thayne aliniambia baadaye kwamba angeweza kunyamaza. Lakini aliamini siri ile sasa ni mali ya baba yake, si yake, na kumficha mzee ni kumfanya mtoto. Jumapili iliyofuata akampelekea kurasa zile.

Mzee Eldred alisoma ukurasa mmoja tu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Baba."

"Siku hizi wanaghushi kila kitu. Umelipwa na nani uupake matope ukoo wako? Toka. Na karatasi zako hizo."

Wiki tisa hakumfungulia mlango. Merlene alipeleka viazi vya jibini, vikarudishwa na bakuli lake. Thayne alikonda. Hakuandika neno.

Kisha mzee, bila kumwambia mtu, akawasha gari lake akaenda Manti. Verla alinieleza kwamba alisimama uani na kofia mkononi, akauliza, "Ni kweli?" Naye akajibu, "Ni kweli, Eldred." Wakakaa barazani mpaka ng'ombe wa jirani wakarudi.

Jumapili ya kufunga chakula ya mwezi wa Agosti tulikwenda kusali Ephraim. Wakati waumini wanapotoa ushuhuda mzee Eldred alisimama, akashika mimbari kwa mikono miwili.

"Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Maren ni baba yangu," alisema. "Wanaume saba walikamatwa ili azaliwe. Mmoja hakurudi, anaitwa Heber Stoddard. Mwanangu ataandika. Nimemwambia aandike majina yote, na la Maren asiliache."

Wengine walitazama vitabu vya nyimbo. Mtu wa mbele yangu akamnong'oneza mkewe, "Kwa nini anasema leo? Kuna nini kingine?" Mzee akateremka taratibu, akitafuta pa kuketi. Thayne alikuwa ameshasogea kumpa nafasi.