Leo Miwani Ninayo

Mdogo wangu ana mdomo, na siku hizi huo mdomo umehamia kwenye simu. Tunafanya kazi maktaba moja: mimi chumba cha watoto, yeye meza ya mlangoni, anaazimisha vitabu na kugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kazi aliyojiajiri mwenyewe ni ukurasa wa mtandaoni aliouita Maisha ya Mkutubi. Chai yake imo humo, viatu vyake vimo, hata mimi nimo, nikipiga miayo nyuma ya rafu. Nikisema ananijibu, "Dada, watu wanapenda." Mkuu wetu naye hamgusi, kisa wafuasi. Hao wafuasi wenyewe hakuna aliyekuja kuazima hata kijitabu.

Hayo yote niliyameza. Lililonikaa kooni ni la Mama Miwani.

Mama Miwani ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Hilo jina kalipata kwa maneno yake mwenyewe. Ukimpa karatasi yoyote atakwambia, "Nisomee mwanangu, miwani nimesahau nyumbani." Mtaa mzima unamtania kwa usahaulifu huo. Ila hiyo miwani hakuna aliyewahi kuiona, na yeye anatunga uzi kwenye sindano jioni taa hazijawashwa. Nilijua, nikanyamaza. Siku moja akaja chumbani kwangu, akangoja watoto watoke, akafunga mlango.

"Nina mjukuu," akasema. "Nataka nimsomee akija kunitembelea." Akatazama sakafu. "Usimwambie mtu. Hata wanangu hawajui."

Nikamwambia mkutubi hatangazi nani anasoma nini. Ndivyo tulivyofundishwa, mimi na mdogo wangu, chuo kimoja.

Tukaanza na silabi. Anakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yanakaribia kidevu, kidole chini ya neno: ba, be, bi. Akikosea anajisuta mwenyewe: "Kichwa hiki, kazi yake kubeba kilemba tu." Taratibu tukafika kwenye kitabu cha kuku aliyepotea, akaomba awe anaenda nacho nyumbani na kurudi nacho. Nilipotaka kumdokezea mwisho wake akaniwahi: "Thubutu. Nitafika mwenyewe."

Basi, mdogo wangu kapita nje, katuona kupitia kioo cha mlango. Sikusikia chochote, nilikuwa nimeinamia rafu ya chini. Asubuhi yake akanionyesha simu, meno yote nje. Mama Miwani, kidole chini ya neno, na juu ya picha maandishi makubwa: BIBI ASIYEJUA KUSOMA HAKATI TAMAA. Mioyo myekundu chungu nzima. Watu wanamwombea dua, wanamsifu, wengine wanasema wamelia.

"Futa," nikamwambia.

"Dada, soma maoni kwanza. Hakuna hata mmoja aliyemtukana."

"Sikuuliza matusi. Ulimwomba ruhusa?"

"Jambo jema linaombewa ruhusa? Na wewe pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Nilitamani kumzaba kibao palepale mezani kwake, na utu uzima wangu huu. Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuwa na nia mbaya. Angekuwa na nia mbaya ningejua pa kumshika. Akafuta, kanuna, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Picha ilishapita simu hadi simu. Kitabu kikitoka mlango ule kinatoka na tarehe ya kurudi. Picha haina.

Mama Miwani hakuja tena. Nikavuka barabara kumfuata.

Nilimkuta kakaa, cherehani kaifunika. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikaanza kuomba radhi, maneno yananigongana mdomoni. Akainua mkono ninyamaze.

"Kijana wangu mkubwa kanitumia hii," akasema, akanionyesha simu yake. Picha ileile. "Akapiga, akauliza, mama, ni kweli? Sikumjibu. Sijui pameandikwa nini."

Nikanyoosha mkono. "Lete nikusomee, mama."

"Acha. Leo miwani ninayo."

Usoni hakuwa na kitu. Akaweka simu mapajani, akaweka kidole chini ya neno, kama nilivyomfundisha.

"Bi-bi. Bibi. A-si... asiye... asiyejua." Akavuta pumzi. "Asiyejua ku-so-ma."

Kidole kikasimama. Nikaomba kimoyomoyo aishie hapo. Hakuishia.

"Ha-ka-ti. Hakati ta-ma-a."

Kisha akarudia yote kwa mkupuo, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisoma sentensi nzima bila mimi kumsaidia.

"Nimekosea mahali?"

"Hapana, mama. Hukukosea."

Akazima simu. Akavuta droo ya cherehani, akatoa kitabu chetu, kakiviringisha kwenye kitambaa safi ili kisichafuke, akakifungua na kunikabidhi.

"Mpelekee mdogo wako. Asije akaandika na kwamba nimekichelewesha."

"Mama, hujakimaliza. Zimebaki kurasa chache tu."

Akakitazama mkononi mwangu, halafu akaanza kukunja kitambaa chake.

"Basi niambie wewe," akasema. "Yule kuku alipatikana?"