Fatiha ya Edgware Road

Viatu vya Bi Time vilikuwa vimeingia maji tangu kituo cha basi. Alitoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya wazee anakoosha watu, wengine wadogo kuliko yeye, na mikono ilikuwa ikimwasha kwa dawa za kusafishia. Akapanda ngazi za ukumbi ulio juu ya mkahawa, Edgware Road, mjukuu wake Miska kamshika kiwiko.

Aliyempokea mlangoni ni Soud mwenyewe. Alimvua koti lililorowa, akalitundika karibu na hita, akamvutia kiti cha mbele.

"Karibu, mama. Kunywa chai kwanza upate joto."

Chai ilikuwa ya tangawizi, nzuri. Bi Time hakuweza kuidhulumu.

Huko nyumbani mtawala alikuwa ameangushwa, na vyama viwili visivyopeana salamu vilikuwa vikigawana viti vya baraza jipya. Kiti kimoja kilikuwa cha waliokimbilia Uingereza. Vyama vilishaafikiana akikalie Soud, na mkutano huu ulikuwa wa kumpitisha. Na Soud huyu, miaka ile, ndiye aliyekuja alfajiri na gari la serikali akamwambia Mbarouk, mume wa Bi Time, avae viatu, ana maswali mawili matatu. Mbarouk hakurudi. Baadaye Soud akagombana na wakubwa wake, naye akakimbilia London.

Bi Time alikuwa na swali moja tu: Mbarouk amezikwa wapi? Mpaka leo hajamsomea hitima. Angeisomaje, na hakuna aliyemwambia kuwa amekufa?

Akainua kidole. Mwenyekiti, Ziyad, akamwona.

"Subira, bi mkubwa."

"Nataka kuuliza kabla hatujachagua."

"Kuchagua kumeshakwisha, mama yangu. Wakubwa wamekaa, wamezungumza. Tukianza maswali tutarudi kulekule kwa kususiana mpaka maziko."

"Hata bibi arusi huulizwa," akasema Siham, jirani yake Bi Time wa mtaani, kutoka viti vya nyuma.

"Na akinyamaza ndiyo kakubali," akajibu Ziyad, na watu wakacheka. "Haya jamani. Al-Fatiha."

Viganja vikainuka ukumbi mzima. Kila mtu pale alijua: jambo likishasomewa Fatiha, anayelipinga ndiye mkorofi, hata akiwa na haki. Lakini Fatiha ni ya Mungu, si ya Ziyad. Mikono ya Bi Time ikapanda. Mwanga wa simu ya mpiga picha ukamulika.

Walipokwisha itikia amin, alisimama.

"Soud, mwanangu. Mbarouk mlimlaza wapi?"

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani. Soud aligeuka akaenda kwenye hita.

"Fatiha imeshasomwa, Bi Time," akasema Ziyad, kwa upole, kama anayemkumbusha mgonjwa dawa.

Soud alimletea koti. Lilikuwa limekauka, lina joto. Akamvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, bila kumtazama usoni.

Kituoni Miska alimwonyesha simu. Picha ilikwisha fika nyumbani, ikisambazwa. Soud yuko katikati. Mbele kabisa ni Bi Time, viganja wazi. Chini yake wameandika: *Wote, kwa kauli moja.*

"Nitoe mimi, mwanangu."

Miska alibonyeza, akabonyeza tena. "Si yangu, bibi. Wameshaituma."

Basi likaja. Bi Time alikuwa akihangaika na kifungo cha shingoni. Vidole vilikuwa vimevimba, na kifungo hakikufunguka.