Damu ya Bi Hasi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, waliokuja juzi na waliozeekea pale wote walimwita Bi Hasi, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilipata kwa jasho lake. Tuseme kwa damu yake.

Ilikuwa hivi. Maabara ile ilikuwa ya utafiti wa virusi vya ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa kwa wajawazito. Boksi jipya la vipimo likifika, kabla halijatumika kwa mama yeyote, lazima lijaribiwe kwa damu mbili: moja inayojulikana kuwa na virusi, nyingine inayojulikana kuwa haina. Yenye virusi ikitoa mistari miwili na isiyo navyo ikatoa mmoja, boksi ni zima. La sivyo ni bovu, linarudi lilikotoka. Damu hizo za kujaribia zilitakiwa kununuliwa, lakini ununuzi wa pale, we acha tu. Uagize leo, mwanao ataanza shule chupa haijafika. Siku moja Profesa, mkuu wa maabara, mtu ambaye haraka yake haikuwahi kupoa, akasimama mlangoni akauliza, "Kwani humu ndani hakuna hata mmoja aliye salama?"

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Bi Hasi, wakati huo bado akiitwa kwa jina lake, alikuwa amepima mwezi ule ule, pamoja na mumewe, kwa sababu walikuwa wanatafuta mtoto. Akanyoosha mkono. Tangu hapo, kila mwezi mwenzake wa kazi alimtoa damu mkononi, akaizungusha kwenye mashine, akayatia yale majimaji ya juu kwenye chupa yenye kifuniko cha bluu iliyoandikwa HASI. Mwenzake huyo aliitwa Kimya, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Miaka ikapita. Chupa za dukani zilipofika hatimaye, hakuna aliyezikumbuka. Ya Bi Hasi ilikuwa karibu na haikuwahi kukosea. Ikawa desturi, na desturi ikishaota mizizi, jamani, nani huikumbuka mbegu?

Halafu mimba ikaingia. Mbili za mwanzo zilitoka, moja hata haijaanza kuonekana. Hii ya tatu ilikaa. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, alilitanua koti lake jeupe la kazini mara mbili, kila mara akipiga pini huku anamwimbia mtoto tumboni kwa sauti mbaya isiyo na mfano. Bi Hasi alitembea kwa madaha ya mtu aliyebeba mayai. Kama kuna kitu alichokitaka duniani, ni mtoto yule atoke akiwa hai na mzima. Mengine yote yangengoja.

Kila asubuhi aliwasimamia wajawazito kwenye benchi la kliniki, mkono kiunoni, akiwapa somo lake. "Kipimo cha kwanza si mkataba, mama zangu. Umepima mimba ikiwa changa, ukaambiwa uko salama, usiende kulala usingizi. Maambukizi yakikuingia katikati ya mimba, ndipo virusi huwa vingi mno kwenye damu, na mtoto yumo humo humo. Rudini mpime tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Waliitikia, naye alisisitiza kwa kidole.

Ilipofika zamu yake mwenyewe, nesi wa kliniki alimuuliza, "Kipimo cha pili umefanya, dada?"

"Mimi?" Bi Hasi akashika tumbo kwa kicheko. "Mwenzangu, mimi ndiye kipimo chenyewe!"

Wakacheka wote wawili mpaka nesi akafuta machozi, akaweka alama ya vema penye swali lile. Mganga hajigangi, waliosema hawakukosea. Wangeongeza tu kwamba hata kujipima hajipimi.

Kabla ya siku hiyo, mimba ikiwa ya miezi mitano, homa ilikuwa imemlaza wiki nzima. Vidonda mdomoni, vipele kifuani, koo kavu. Malaria haikuonekana, basi wakasema ni uchovu wa mimba. Mumewe alimuuguza kama yai. Alichemsha chai kabla jogoo hajawika, akafua mashuka, akaanza kulala pembeni kabisa mwa kitanda ameelekea ukutani. "Nisije nikawabana," alisema. Bi Hasi aliwasimulia wenzake kazini jinsi alivyopata mume mwenye huruma, na wenye waume wakorofi wakamwonea kijicho.

Mwezi uliofuata, Kimya alidondosha tone la chupa ya bluu kwenye kipimo cha boksi jipya, akangoja, akapiga ukelele. "Bi Hasi! Leo umetusaliti!" Mistari miwili. Wakakusanyika, wakakodoa macho, wakaangua kicheko. Damu ile? Haiwezekani! Profesa akapiga simu akamfokea muuzaji, boksi likarudishwa pamoja na shehena yote. Jioni Bi Hasi akamsimulia mumewe mkasa wa maboksi mabovu. Mumewe alisimamisha cherehani akasikiliza hadi mwisho, halafu akacheka, akacheka mpaka akaegemea meza, akambusu kwenye paji la uso na kutoka kwenda kumnunulia machungwa.

Shehena ya pili ilitoka kwa muuzaji mwingine. Mistari miwili tena. "Wezi wote ni ndugu," alisema Profesa, akairudisha nayo. Kliniki ikabaki haina vipimo. Wajawazito waliofika kwa kipimo cha pili wakaambiwa nendeni nyumbani, mtaitwa. Wengine walitoka mbali kwa miguu. Bi Hasi aliwaonea huruma, akawalaani wafanyabiashara wasio na utu.

Ya tatu ilifika tumbo lake likiwa limeshamzuia kusogea karibu na meza. Alikaa upandeupande, akadondosha damu yenye virusi: mistari miwili, sawa. Akadondosha ya chupa ya bluu. Mstari wa pili ulikuja upesi, mwekundu, umekolea, bila aibu yoyote. Akaligeuza boksi, akasoma jina la kiwanda.

"Hata hawa!" Kimya alisema nyuma ya bega lake. "Basi tena, hivi viwanda vimerogwa. Nifunge boksi?"

"Wauzaji watatu," Bi Hasi alisema. "Viwanda vitatu tofauti."

"Ndiyo nasema, vime..."

"Lete kidole chako."

"Changu cha nini? Boksi bovu hilo, Bi Hasi. Turudishe, tukale."

"Kidole, Kimya."

Alikitoa huku anakodolea dari, maana mwanamume yule aliyetoboa watu siku nzima aliogopa sindano kuliko nyoka. Wakangoja. Mstari mmoja. Wakachukua kipimo kingine kutoka boksi lile lile: mmoja. Ndipo Bi Hasi akajitoboa mwenyewe, akakamua tone bichi, moto, akalidondosha. Hakukaa. Alisimama ameshika ukingo wa meza na kutazama mstari wa pili unavyojitokeza taratibu kama mtu anayejua njia ya kwenda kwake.

Kimya hakusema neno. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, jina lake lilimfaa.

Kwenye friji kubwa walikuwa wameweka mabaki ya chupa za miezi ya nyuma. Bi Hasi akazitoa moja moja, akazipima. Ya mwezi uliopita: miwili. Ya kabla yake: miwili. Iliyotolewa kabla ya homa: mmoja tu, safi, ule mstari aliouzoea. Friji ilikuwa inajua muda wote ule. Mashine ilijua, vipimo vilijua, viliusema ukweli waziwazi na kwa rangi nyekundu, na kila viliposema yeye alivifunga kwenye boksi akavirudisha kwa wenyewe. Alijichukia kiasi kwamba alitaka kujitemea mate.

Profesa akachungulia. "Vipi, boksi zima?"

"Zima, Profesa. Na yale mengine yalikuwa mazima."

Akatazama vipimo vilivyopangwa mezani, akamtazama Bi Hasi, akatazama tumbo. Akavuta kigoda akakaa, mtu ambaye hakuwahi kukaa. "Na wale kina mama tuliowarudisha," alisema polepole. Kimya akaanza kuvaa viatu vya kutokea, akisema anakwenda kliniki kuchukua majina yao awaite, mmoja mmoja kama ikibidi.

Nesi alirudia kipimo kwa kifaa cha aina nyingine ili kuhakikisha, kisha akampa kopo la vidonge. Hakuwa na macho ya kumtazama. "Dawa zinafanya kazi, dada. Wewe unajua kuliko mimi. Zinavisukuma chini virusi, ila zinataka muda. Kila wiki mtoto atakayokaa tumboni huku unameza, ni tofali moja ukutani."

"Na akija mapema?"

"Tutamzalisha kwa uangalifu, atapewa dawa ya maji akishatoka. Tutafanya kila tunaloweza." Nesi akamshika mkono. "We mwambie tu asiharakishe."

Muda. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi, na alikuwa amekirudisha na maboksi.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mumewe alikuwa anashona kiblanketi cha mtoto, manjano, chenye ukingo mweupe. Bi Hasi hakusalimia. Akaliweka kopo la vidonge mezani katikati ya vipande vya kitambaa, akasimama akingoja aulizwe. Alikuwa na maneno tayari, ya kuulizia na ya kutukania, ameyapanga njia nzima.

Mumewe akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akalisoma kopo bila kuligusa. Kisha akainuka, akashusha bati lake la vifungo kutoka rafuni, akapeleka mkono chini kabisa, vifungo vikamwagika sakafuni, akatoa kopo jingine. Kifuniko kile kile, maandishi yale yale. Akaliweka kando ya la mkewe. Lilikuwa limebaki nusu.

Bi Hasi akaligeuza lile la pili, akasoma tarehe iliyoandikwa.

"Wakati wa homa yako," mumewe alisema, macho kwenye blanketi. "Kuna mwanamke nilikuwa naye, alikuja hapa mbele kuniambia amekutwa na virusi. Ni mara chache tu, nakuapia, na imekwisha. Nikaenda kupima mbali."

"Ukaanza dawa."

"Nikaanza."

"Mimi na mtoto ukatuacha."

"Waliniambia nikulete. Nikaogopa. Nikasema nikikuambia, na hii nayo itatoka." Akakunja pindo la blanketi. "Halafu nikakumbuka damu yako. Kila mwezi wanakutoa damu, wanaitazama watu wazima wenye vyeti. Nikajiambia, ikiwa anavyo, atajua yeye kabla ya mtu yeyote. Siku zile za kutolewa damu nilikuwa nakaa hapa nakusubiri, hata sindano siwezi kuitunga uzi. Nikasema akirudi analia, nitaanguka miguuni pake. Ukarudi unacheka. Ukasema maboksi ni mabovu." Akajifuta pua kwa kile kitambaa cha manjano. "Nikamshukuru Mungu. Nikakununulia machungwa."

Bi Hasi akayakumbuka yale machungwa. Yalikuwa matamu.

Hakumpiga, ingawa mkono uliwasha. Hakupiga kelele. Alifungua kopo lake, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji ya kikombe cha mumewe kwa kuwa ndicho kilikuwa karibu. Kabla hajakirudisha mezani, mgongo ukamkaza, ukashuka mpaka kiunoni, ukang'ang'ania. Si ule uchungu wa kupitapita aliokuwa ameuzoea. Ulipomwachia akapiga hatua moja, na sakafu chini yake, penye vifungo vilivyotawanyika, ikalowa.

"Chupa imepasuka," alisema.

Mumewe aliruka, akapiga teke kigoda. "Lakini bado! Si walisema bado?"

"Leta mkoba. Tafuta gari."

Alipotoka mbio, Bi Hasi akajishikiza kwenye cherehani. Akapitisha mikono yote miwili chini ya tumbo, akalibeba, akalikumbatia kwa nguvu, kana kwamba mikono ingeweza kulizuia. "Subiri, mwanangu," alimwambia. "Nakusihi, subiri kidogo. Ndiyo kwanza nimemeza kimoja."