Tawi Lililolazwa Njiani

Justus alimwibia Mektilda mbio zake mchana kweupe, tena anatabasamu. Mwanamke wa watu alihangaika miaka mitatu na baiskeli ya marehemu mumewe, akiipima njia ya zamani ya misafara kutoka Igalula hadi Tabora mjini, kilomita arobaini na mbili, yote akiandika kwenye daftari. Alitaka wanariadha wa nchi za watu waje, walale kwetu, waonje asali yetu, wakanyage walipokanyaga wapagazi wa Kinyamwezi. Daftari akampelekea Justus, mwenyekiti wa kamati ya mbio. Miezi sita baadaye kitabu cha Mbio za Wapagazi kikatoka, kinang'aa: "Njia imebuniwa na Justus." Jina la Mektilda hata kwenye orodha ya wagawa maji halikuwemo!

"Mama, kwani jina linaliwa?" Justus alimwambia alipomfuata ofisini. "Shukuru mbio zimekuja."

Mektilda aliaga kwa adabu. Moyoni aliapa: huyu bwana atanitambua.

Siku mbili kabla ya mbio alikwenda porini, pale njia inapogawanyika: kushoto mjini, kulia bwawani. Akamkuta Anton, kibarua wa kamati, analaza matawi mabichi kukatiza njia ya kushoto. Vibao vya mishale Justus alivikataa, eti wageni waone asili. Alikuwa amesoma kwenye daftari kwamba viongozi wa misafara walilaza matawi njiani kuwaongoza wa nyuma. Ukurasa uliofuata, ulioeleza kwamba tawi likilala hivyo maana yake usipite hapa, hakuufungua. Mtu wa kuja, na kuuliza hataki!

"Mama Recheli," Anton alisema akijikuna kichwa, "hivi huku si kufunga njia? Sisi tukienda kurina asali, tukikuta tawi hivi tunageuka."

"Bosi wako kasemaje?"

"Kasema niyalaze njia ya mjini."

"Basi mtii bosi wako."

Alirudi anaimba. Nyumbani alimkuta binti yake Recheli anafua soksi za mbio. Recheli alijifua miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo. Mshindi wa kike angechukuliwa kambi ya timu ya taifa, na Tabora nzima hakukuwa na wa kumfikia. Mektilda alifungua mdomo amwambie. Akakumbuka kwamba Recheli hajui kuficha jambo, angekwenda moja kwa moja kwa Justus, na matawi yangeondolewa. Akaufunga.

"Kula ushibe, mwanangu," alisema.

Siku ya mbio vijana wenyeji, wa vijiji vya Lusu na Ziba, walitangulia. Walipoona matawi wakageukia kulia, wala hawakufikiri mara mbili. Wageni wakawafuata wenyeji. Recheli, aliyewaacha wanawake wote mbali, naye akageuka, kama mama yake alivyomfundisha walipokuwa wakienda kuokota uyoga.

Mjini tarumbeta zilipigwa mpaka wapigaji wakachoka. Wenye hoteli walisimama kwenye utepe, Justus katikati yao na suti mpya. Saa tatu zikapita, utepe haujaguswa. Ndipo simu ikaja: wanariadha wote wako bwawani.

"Nani aliyechora njia hii?" mwamuzi mkuu aliuliza.

Justus alishika kipaza sauti, jasho linamtiririka. "Ni Mektilda! Yule pale!"

Loo! Leo jina lake limetajwa! Mektilda alitoa kitabu kwenye mkoba, akausoma ule mstari kwa sauti, neno kwa neno. Umati uliangua kicheko, na Justus akatafuta pa kujificha asipaone. Mwamuzi akatangaza kwamba mwakani mbio zitapelekwa mji mwingine. Mektilda peke yake alikuwa bado anacheka.

Alasiri alimkuta Recheli uani, miguu imejaa tope, ana tawi bichi mkononi.

"Anton kaniambia. Ulijua, mama."

"Nilitaka Justus aaibike, mwanangu. Alinionea!"

"Na mimi nilikukosea nini?"

Recheli alililaza lile tawi kwenye kizingiti cha chumba chake, akaliruka, akaingia ndani. Mama yake alibaki upande wa huku, kitabu mkononi, na hakuthubutu kupita.