Miguu Nyumbani kwa Costancia

Kitendawili, mjukuu wangu: hana mke hata mmoja, lakini analala nyumba mbili kwa pamoja. Nani? Umeshindwa. Haya, nipe mji nikwambie.

Ni Nikolaus, yule mrefu, aliyeletwa na lori kutoka Msowero mwaka ule wa kuhamia vijijini, magoti kayakunja mpaka kidevuni. Kijiji kipya kilikuwa njia ya Mikumi. Bwana mmoja wa wilayani alikuja na kamba, akazipima nyumba zote kwa kamba hiyo moja, kwa sababu watu wote ni sawa. Nikolaus alichuchumaa, maana kumwamkia mkubwa huku unamtazama utosi si adabu, akaomba yake iongezwe kidogo. Akajibiwa kwamba akiongezewa yeye, wafupi nao watataka wapunguziwe.

Siku ya kwanza alipojinyoosha, miguu ikapita ukutani. Haikubomoa kitu. Udongo uliipisha tu, ikavuka uchochoro, ikaingia kwa jirani yake Costancia, mjane, ikatulia kando ya jiko. Asubuhi akaivuta, akaenda kupalilia pamba.

Kamati ilikaa, ikaona jambo lenyewe dogo. Ila kwa kuwa miguu inalala kwa balozi mwingine wa nyumba kumi, ikaamuliwa siku za kazi za balozi huyo nayo ihudhurie. Basi Nikolaus akawa analima zamu mbili. Watu wakaendelea kumwuliza yale yale: hebu chungulia, treni imetoka Kilosa? Nishushie huyo kuku juu ya paa. Analalaje, hakuna aliyeuliza.

Costancia alianza kwa kuanika kanga kwenye vile vidole gumba. Baridi ya Juni ilipoingia, kanga ile ile akaifunika miguu, akaipaka na mafuta ya nyonyo magaga yakalainika. Jioni moja akapaza sauti kuelekea ukutani:

"Jirani, hii miguu imekuja kutembea au imekuja kukaa? Nijue kama nipike."

Wanawake wawili walishamkataa Nikolaus, wakisema shingo zitawauma. Akajiambia nyumba ikiongezwa ndipo atajibu, kama mwanamume mwenye pa kulala.

Wiki zikapita. Vitalis wa duka la kijiji, ambaye nyumba yake ilimtosha na nafasi ikabaki, akaanza kupita kwa Costancia na sukari. Ndipo bwana wa wilayani akarudi. Nikolaus akachuchumaa tena. Kamba ikatandazwa, ikakutwa nyumba haina kosa, mtu ndiye amezidi. Bwana akaikunja kamba yake, akarudi Kilosa.

Jioni hiyo Nikolaus akajinyoosha kama kawaida. Akasikia mwiko unasonga ugali kule ng'ambo, lakini kanga haikuja. Vidole vikaanza kupata baridi.

"Costancia," akaita.

"Abee."

"Haikuja kutembea. Imekuja kuposa. Kichwa ndicho kilichokuwa kinaona haya."