Kaptula Moja Ndani ya Folda

Mimi si mtu wa kushindwa na kompyuta, mjue hilo kwanza. Kwa hiyo shangazi yangu, fundi cherehani, aliponiambia michoro yake yote ya kukatia nguo imenasa ndani ya faili moja kubwa kwa sababu programu ya zamani imekufa, nilicheka. Yeye hakucheka. Michoro ile ilimchukua ujana wake wote, na kuianza upya hana nguvu wala hamu. "Isipopatikana, nafunga duka," alisema. Alikuwa ameshaifunika cherehani yake kwa shuka, na mtu wa kuinunua alikuwa njiani.

Nikakaa kwenye meza ya kukatia, kati ya chaki na vipande vya bitana, nikaandika kwa Python, lugha ya kompyuta, programu ya kulifanya faili hilo lionekane kama folda ya kawaida. Ukiifungua folda, kompyuta inauliza: humu mna nini? Programu yangu ijibu kwa kutaja majina ya michoro yote, basi. Rahisi kama kumsukuma mlevi, nikajigamba.

Shangazi akavaa miwani, akafungua. Ndani mlikuwa na kaptula ya mtoto. Moja.

"Maisha yangu yote nimeshona kaptula hii tu?" akauliza. "Mwanangu, si ungeniambia mapema nikalime."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Mimi nilikasirika, maana nilijua chini ya kicheko kile kuna nini. Nikapitia kila mstari, nikimnunia hata aliyepita dirishani. Kumbe kosa ni langu. Programu ilipaswa kuzunguka ikikusanya jina baada ya jina, ndipo ijibu. Mimi amri ya kujibu niliiweka ndani ya mzunguko, kwa hiyo ilitaja jina la kwanza ikaenda zake. Nikausogeza mstari ule nje.

"Fungua tena, shangazi," nikasema, safari hii kwa adabu.

Majina yakamiminika: gauni la kola ya duara, koti la bwana mnene, sketi ya mwalimu wa hesabu, shela. Akayasoma kwa sauti, kila jina na umbea wake. Nilifurahi nikashindwa kukaa.

"Huyu mwalimu tangu juzi ananiulizia sketi nyingine," akasema, akavuta kitambaa rafuni.

Mnunuzi alipobisha hodi, shuka ilikuwa sakafuni na cherehani inakimbia. Shangazi hakuinua kichwa.

"Umechelewa, baba," alisema. "Na tafadhali sogea kidogo, unanizibia mwanga."