Fremu Mbili za Vijiko

Siku hiyo nilikuwa na wivu, wala sioni haya kusema. Miaka kumi na moja nasugua stenlesi katika karakana ya Bwana Gunarso ya kupaka vyombo nikeli, hapa Sidoarjo, Indonesia, halafu ukuu wa tangi la nikeli anataka kumpa nani? Ratmi! Katoto ka juzi, hata mwaka hajamaliza.

"Wartinah, acha kununa," bosi aliniambia. "Wewe na Ratmi, kila mtu na fremu yake ya kutundikia vijiko. Atakayeshikisha nikeli vizuri ndiye mkuu."

Stenlesi ina kiburi. Ukishaiosha mafuta na kuichovya kwenye asidi, usisimame, izamishe kwenye nikeli ikiwa bado inachuruzika. Ikipigwa na hewa tu, inajivika ngozi isiyoonekana kwa macho, na nikeli itakayokaa juu yake itabanduka.

"Dada, hebu nitazamie, maji yametandaa vizuri?" Ratmi aliniuliza baada ya kuosha.

"Kamuulize bosi wako."

Yalikuwa yametandaa kote, hakuna hata tone lililojikunja, dalili kwamba mafuta yametoka yote. Roho iliniuma, jamani!

Tulitoa fremu kwenye asidi kwa pamoja. Papo hapo akaingia Bibi Sumirah, mama yake bosi, na kikapu chake cha tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Kwetu mkubwa akiingia, mdogo huacha kazi akaubusu mkono wake. Nikaona hapa hapa namkomesha.

"We Ratmi! Bibi huyo mlangoni, humwoni? Adabu gani hiyo?"

Ratmi akainamisha kichwa. "Samahani, Bibi, naomba nizamishe kwanza."

"Zamisha, mwanangu!" Bibi akacheka. "Marehemu mume wangu hata siku niliyoshikwa na uchungu alizamisha kwanza."

Ratmi akazamisha, akavua glavu, akaenda kubusu mkono. Nami nimekodoa macho tu, nangoja akosee. Kuja kushtuka, vijiko vyangu vimekauka mkononi! Ningevirudisha kwenye asidi, lakini Ratmi angeona. Nikavizamisha hivyo hivyo.

Mchana bosi akakunja kijiko kimoja cha kila mtu. Cha Ratmi kilikunjika na nikeli yake. Changu nikeli ilibanduka kama ganda la kitunguu.

"Wartinah! Wewe kabisa? Imekuwaje?"

Kabla sijafungua mdomo, Ratmi akadakia: "Dada alisimama kwa heshima ya Bibi, bosi. Mimi ndiye ambaye sikusimama."

Bosi akanitazama kwa huruma, ukuu akampa Ratmi. Hata uongo niliotaka kujitetea nao alinisemea yeye, tena vizuri kuliko ambavyo ningeusema mwenyewe, na hilo nalo nikamwonea wivu.